Mama Mathew na Watu wa Nyuma

Katika wateja wangu wote, Mama Mathew ndiye peke yake aliyetazama picha bila kumjali stelingi. Stelingi aoe, apigwe risasi, aanguke kutoka ghorofa ya nne na kuinuka bila vumbi kwenye suruali, yeye macho yake yalikuwa pembeni ya kioo, kwa wauza nyanya, kwa wapita njia, kwa askari wa mstari wa mwisho wanaokufa kabla hujajua hata majina yao. Hao aliwaita watu wa nyuma. Nikithubutu kupeleka mbele kipande chenye umati, alinigeukia kana kwamba nimempita barabarani bila kumsalimia.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Salvina, ila huko kwao Uru walimwita kwa mtoto wake wa kwanza, Mathew, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi ni Eunike. Nilikuwa na duka la kukodisha picha, mtaa wa nyuma ya soko, Moshi mjini. Nilianza na kanda, zile nzito kama matofali, na CD zilipoingia nikaingia nazo. Mzigo wangu niliufuata mwenyewe mpakani Holili, kwa akina mama wa upande wa pili waliouficha ndani ya mablanketi. Rafu zangu nilizipanga kwa aina: za vita, za ngumi, za kihindi, za mapenzi, za kutisha, za vichekesho, na moja fupi ya Yesu kwa ajili ya Pasaka. Mteja akirudisha ya ngumi kwenye rafu ya mapenzi nilimsema mbele ya watu. Siyo siri, nina ulimi.

Mama Mathew aliingia dukani mara ya kwanza Juni ya mwaka elfu mbili na mbili, na kikapu cha parachichi mkononi. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, na viatu vya mvua siku ya jua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo mnapokodisha picha?"

"Ndipo. Unataka ya namna gani? Kuna za ngumi, za kihindi, za kuliza watu."

"Nataka yenye watu wengi."

Nilidhani ananitania. "Watu wengi wakifanya nini, mama?"

"Chochote. Hata wakipita tu."

Aliinamia kikapu chake, na chini ya parachichi akatoa mfuko wa nailoni wenye barua moja na picha moja ya pasipoti. Picha ilikuwa ya mvulana wa darasa la saba, kola imebana shingo, masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria. Huyo ndiye Ronald, mtoto wake wa mwisho.

Anayejua mambo ya Uchagani anajua uzito wa mtoto wa mwisho wa kiume. Wakubwa hupewa sehemu zao wakajenge, lakini nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka, na migomba yake na kahawa yake na makaburi yake, ni vya yule wa mwisho. Ndiye atakayebaki na mama. Ronald alijaribu kubaki. Kahawa ilipokosa bei alihangaika na biashara ya Holili, ikamshinda, na mwaka tisini na sita akaelekea Afrika Kusini na wenzake watatu. Huko alituma fedha baba yake alipofariki, akatuma nyingine ikanunuliwa televisheni, na mwaka tisini na tisa ikaja ile barua. Nimeisoma mara nyingi hata naweza kuitamka bila kuiona. Alisema amepata kibarua kwenye picha za sinema. Siyo kuigiza hasa, alisema, tunasimama nyuma ya wakubwa, tunapita njia, tunajifanya tunanunua vitu. Akamalizia: "Mama, usishangae siku moja ukiniona."

Baada ya hapo kimya. Krismasi ikaja, na Krismasi ndiyo siku ambayo Mchaga, hata awe wapi, hurudi nyumbani. Asiporudi huleta maneno. Ronald hakurudi wala hakuleta maneno. Mbuzi alichinjwa, mafungu yakagawanywa kila mtu na lake, na fungu la mtoto wa mwisho mama yake akalitundika juu ya jiko likauke kwa moshi, limsubiri. Mwaka uliofuata akatundika lingine.

Basi ndicho alichokuja kufanya kwangu. Kumtafuta Ronald.

Nilimpa picha mbili za Afrika Kusini nilizokuwa nazo, nikadhani nimemalizana naye. Ijumaa alirudi na kuniambia hayumo, nimpe nyingine. Nikamweleza kwamba hizi nyingine zimetengenezwa Ulaya, China, Bombay. "Huko Bombay wanamtaka Mchaga wa nini?" nikamwuliza.

"Wewe unajua aliko?" akanijibu. "Na ni Mchaga gani umesikia ameshindwa kufika mahali?"

Nikamfungulia rafu zote.

Alianza rafu ya juu kushoto akashuka, mstari kwa mstari, jinsi anavyopalilia kahawa. Siku za soko aliteremka na ndizi zake, akauza, akapita kwangu. Mathew alikuwa amemnunulia deki ya CD, kwa hiyo alipanda nazo nyumbani tatu tatu. Kabla ya kuondoka tulizijaribu kwenye runinga ya dukani, maana CD yenye mikwaruzo huganda katikati, na kumpandisha mama wa miaka sitini na tano mpaka Uru na CD inayoganda ni dhambi. Katika kujaribu huko ndipo nilipojifunza kutazama kama yeye. Alinionyesha mtu aliyepita barabara moja mara mbili katika dakika moja, kofia mbili tofauti. Alinionyesha askari aliyekufa darajani na kufufuka kijijini akiwa mkulima. "Huyu naye ana njaa," alisema, "wanamtumia kila mahali." Za kutisha alizitazama na rozari mkononi, lakini hakufumba macho hata kichwa kilipokuwa kinakatwa. Nilimwuliza kwa nini asiangalie pembeni. "Nikifumba akapita, je?"

Nitasema kweli: alinichosha. Nilimpenda na alinichosha, yote mawili kwa wakati mmoja. Wateja wengine walitaka kujua jambazi atakamatwa au la, yeye kakaa kwenye kigoda changu ananiambia rudisha, rudisha hapo, kuna mtu kashika mwavuli. Nikarudisha. Mtu wa mwavuli alikuwa Mzungu.

Masika ya mwaka elfu mbili na tatu aliugua kifua, akalazwa hospitali ya Mawenzi wiki nzima. Alipotoka hakupanda moja kwa moja nyumbani, alipita dukani. Mvua ilikuwa inanyesha, kitenge chake kimelowa mpaka magotini, anakohoa huku ameshika kaunta. Ilikuwa imebaki nusu ya rafu ya mapenzi tu asiyoitazama. Alizitazama, akazihesabu kwa kidole, kisha akaniuliza swali ambalo bado nalisikia.

"Zikiisha hizi, Eunike, nitafanya nini?"

 Nikaingiza CD iliyokuwa juu, ya harusi harusi, mabibi harusi wawili na bwana mmoja, upuuzi mtupu. Ndani yake kuna hema, na nyuma ya meza kuu anapita kijana amebeba sahani, rundo zima la sahani mpaka kidevuni. Anageuza uso upande mmoja, anacheka na mtu tusiyemwona, anatoka. Sekunde nne. Masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Mama," nikasema, "huyu si Ronald?"

Mpaka leo sijui ilikuwa huruma au kuchoka. Nilijua siye. Ronald nilimjua kwa picha ya pasipoti tu, na yule kijana angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote kutoka hapa mpaka Cape Town. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mama Mathew hakupiga kelele. Aliomba nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tano alisogea akaweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wa yule kijana. Mara ya kumi akasema, "Amekonda." Kisha akakaa kwenye kigoda na kulia taratibu, akijifuta kwa ncha ya kitenge kilicholowa, na mimi nikalia naye, mnafiki mimi.

CD ile aliinunua. Sikutaka kupokea fedha yake, akaniwekea kwa nguvu kwenye kaunta; alisema mwanawe hawezi kuwa wa kukodi.

Toka siku hiyo hakukodi tena. Kifua kilipona. Niliambiwa na wateja wa Uru kwamba kila anayefika kwake huketishwa, hupewa mtori, huonyeshwa sekunde nne. Paroko ameonyeshwa. Walimu wenzake Mathew wameonyeshwa. Sokoni akanipungia mkono kutoka mbali, anacheka, na kila alipocheka mimi niligeukia nyanya za watu. Nilijiambia sikumdhuru mtu. Mama amepata amani, Ronald atarudi siku atakayorudi, ataumaliza mwenyewe uongo wangu.

Mwezi wa kumi na moja Mathew aliingia dukani. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini urefu ulikuwa wa mama yake. Hakuketi. Aliweka kava la ile CD kwenye kaunta.

"Dada, wewe ndiye uliyemuuzia mama yangu hii?"

"Ni mimi."

"Nani alimwambia kwamba humu kuna Ronald?"

Nilijifanya kupanga rafu. Akasubiri. Ana subira ya kimwalimu, ile inayoumiza kuliko fimbo. Mwisho nikasema, "Ni mimi."

Ndipo akanieleza. Juma lililopita alifika kwao mtu wa Rombo aitwaye Sirili, mmoja wa wale watatu walioondoka na Ronald. Alileta koti la Ronald, kitambulisho chake, na habari ambayo hakuwa na ujasiri wa kuiandika. Ronald alikufa kwa homa ya mapafu Agosti ya mwaka elfu mbili, huko Johannesburg, na wenzake wakamzika huko huko. Mathew na wazee wa ukoo walipanga msiba. Kwao mtu akifia ugenini na mwili usirudi, huzikwa mgomba ndani ya kihamba, umefungwa shuka kama mtu, ili marehemu apate mahali pake kati ya wa kwao. Lakini mgomba wa mtoto haukatwi mpaka mama yake akubali, na mama alikuwa amekataa.

"Amemsikiliza Sirili mpaka mwisho," alisema Mathew. "Akamshukuru, akampa chakula. Halafu akawasha deki. Mwisho wa picha pameandikwa mwaka elfu mbili na mbili. Akamwambia, baba, mtu aliyekufa mwaka elfu mbili habebi sahani mwaka elfu mbili na mbili. Umemzika mtoto wa mtu mwingine." Mathew akavua miwani. "Sasa anapaka chokaa nyumba, kwa ajili ya Krismasi. Ameuza ng'ombe amnunulie kitanda. Umetufufulia mfu, dada. Njoo umzike."

Kwetu Old Moshi mpaka wa kihamba cha mama yangu umepandwa masale, yale majani marefu ya kijani. Mchaga aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la sale, na ukishalipokea umesamehe; kulikataa ni jambo ambalo watu huogopa kulifanya. Mimi ni Mlutheri wa kwaya, mambo hayo nilikuwa nayacheka. Kesho yake asubuhi nilikata jani moja, nikalifunga kwenye kanga safi, nikapanda Uru kwa miguu kuanzia barabara ilipoishia.

Nilimkuta uani, amepanda kwenye kreti la soda, brashi mkononi, chokaa mpaka kwenye nyusi. Ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha na unang'aa. Mlangoni niliona kitanda kipya, bado kina nailoni.

"Eunike," akasema kwa furaha, "umekuja kusaidia?"

Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikafungua kanga, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Furaha ikamtoka usoni. Akashuka kwenye kreti polepole. Hakulipokea. Alijua akilipokea atakuwa amesamehe, na alitaka kwanza kujua anasamehe nini.

"Umefanya nini?"

"Mama, yule mwenye sahani siye Ronald. Nilijua siye tangu siku ile. Ulikuwa umelowa, unakohoa, ukaniuliza utafanya nini. Nikakudanganya."

 Kuku walipita katikati yetu.

"Na masikio?"

"Masikio ni ya mtoto wa mtu mwingine, mama."

Akaketi juu ya kreti, brashi bado mkononi, chokaa ikawa inadondokea kiatu chake. Nilitaka anipige. Niliomba moyoni anipige. Yeye akaanza kuongea kwa sauti ya chini, siyo na mimi hasa. "Nilimtazama kila asubuhi kabla ya kukamua. Nilimwambia, beba vizuri, usivunje vitu vya watu. Nilimwambia kaburi la baba yako nimelipalilia, dada zako wameolewa, kitanda nimenunua." Akaiweka brashi chini. "Kumbe hata alikuwa hanisikii."

Nililia mpaka nikaona aibu, maana aliyekuwa na haki ya kulia hakuwa analia.

Mwisho alinyoosha mkono akalichukua jani. "Nalipokea kwa sababu siwezi kulikataa," alisema. "Usije ukadhani nimependa."

Kisha akanituma kwa Mathew, kumwambia mgomba ukatwe.

Msiba ulikuwa Jumamosi. Mgomba ulikatwa nyuma ya nyumba, mmoja uliokuwa haujazaa, ukavishwa koti la Ronald, ukafungwa shuka nyeupe. Paroko aliombea roho ya marehemu na macho ameyaelekeza kwenye kahawa, asiuone mgomba, na watu wakamshukuru kwa hilo. Mama Mathew alitupa udongo mara tatu. Udongo ulipogonga shuka ndipo ilipotoka sauti yake, sauti moja, ndefu, ya miaka minne, na wanawake wakamshika. Siku hiyo ile nyama kavu iliyotundikwa juu ya jiko, mafungu manne, iliteremshwa ikapikwa, watu wakala. Mimi nilibeba sahani mpaka jioni, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa, na sikumtazama mtu usoni.

Krismasi ikapita. Katikati ya Januari, siku ya soko, nilikuwa nafuta rafu, nikasikia hodi ninayoijua. Alikuwa na viatu vyake vya mvua. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia. Alitoa kwenye kikapu ile CD, imefungwa kwenye leso iliyopigwa pasi, akaiweka kaunta.

"Mrudishe kwenye rafu."

"Mama, hii ulinunua. Ni yako."

"Siyo wangu," akasema. "Huyu kijana ana mama yake. Huenda naye anapita kwenye maduka kama haya, anauliza. Akifika hapa amkute."

 Nilisimama juu ya kigoda nikaitia mahali pake, rafu ya mapenzi, ya tatu kutoka kulia, na yeye akasimama chini akihakikisha.

"Usimkodishie mtu mwenye watoto wadogo," akaniambia. "Wataikwaruza."

Sijamkodishia mtu. Siku hizi watu wanachukua za Kinigeria tu, na rafu zile nyingine nimeziuza kwa fundi seremala, lakini ile CD iko kwenye kaunta, mbele, mahali inapoonekana. Mama yake yule kijana hajafika bado.